Uzoefu wangu na sensa mpya ya presha ya AC: pima ya zamani kwanza

Sensa hii ya waya tatu si jenuini, lakini kwa kazi yake naipa alama za juu: inasoma presha sawasawa na geji. Kasoro yake ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia gesi isivuje) iliyokuja nayo.

Kabla ya sifa, kuna jambo linaniuma. Sensa nyingi hutupwa zikiwa nzima kwa sababu tu skana imetoa kodi (namba ya hitilafu) P0532 au P0533. Kodi hizo zinasema volti za saketi ziko chini mno au juu mno, hazisemi sensa imekufa. Waya uliochubuka au athi (waya wa kurudi kwenye hasi) mbovu hutoa kodi hizohizo.

Chomoa soketi, washa swichi bila kupiga stata, weka mita kwenye volti za DC. Waya mmoja uwe na volti 5. Zikikosekana, iache sensa na ufuate waya kuelekea kompyuta. Kwenye magari mengi volti hizo hugawiwa sensa nyingine pia, na moja ikipiga shoti inazishusha kwa zote. Kisha rudisha soketi, chokoa waya kwa nyuma ya soketi kwa pini nyembamba ili mita iguse. Kati ya waya wa athi na hasi ya betri isizidi volti 0.1. Waya wa ishara, unaopeleka kipimo cha presha kwa kompyuta, upime hivyohivyo, geji ikiwa kwenye laini ya presha kubwa ili ulinganishe. Usiunganishe pini za soketi kwa kipande cha waya kama watu wanavyofanya kwenye swichi za zamani za waya mbili, unaweza kuunguza kompyuta.

Hapo ndipo sensa ya zamani ilipoumbuka. Injini imepoa, joto la nje nyuzi 28, gesi ya R134a imetulia kwenye psi 90. Kwa vipimo vya gari hili, volti 0.5 ni psi 0 na volti 4.5 ni psi 450, kwa hiyo ishara ilipaswa kuwa volti 1.3. Mita ilionyesha 4.4. Kompyuta ilidhani kuna psi 440 hivi ikakataa kuwasha kompresa, na gesi ilikuwa ya kutosha kabisa. Ndani ya soketi, pini zilikuwa zimelowa mafuta ya kompresa yaliyopenya katikati ya mwili wa sensa. Ukiyakuta mafuta hapo, sensa hiyo haina dawa. Safisha soketi vizuri, la sivyo mpya nayo itasumbua.

Kwenye kufungua, sensa nyingi hukaa juu ya kijivali kama cha tairi, kwa hiyo huhitaji kutoa gesi. Vaa miwani na glovu, maana gesi ikiruka hugandisha ngozi. Tumia spana mbili, moja ishike kitako, kwa sababu bomba la aluminiamu hujinyonga upesi. Mlio mfupi wa gesi ni wa kawaida. Ukizungusha mara mbili na gesi bado inatoka kwa nguvu, kaza mara moja: hakuna vali hapo, na gesi lazima ivutwe kwa mashine kwanza.

Oringi iliyokuja na sensa ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, ikicheza kwenye mfereji wake. Niliiacha, nikaweka ya kijani ya HNBR (aina ya mpira) yenye saizi sahihi, nikaipaka tone la mafuta ya PAG (mafuta ya kompresa ya AC). Ikifungwa kavu hujikunja na kukatika ukikaza. Nguvu ya kukazia ni ndogo, kwa hiyo fuata kitabu cha gari.

Baada ya kufuta kodi na kuwasha AC, geji ilisoma psi 210 na ishara volti 2.37, ndiyo hesabu yenyewe. Feni ya kondensa inapanda na kushuka kufuata presha, kompresa haikatiki ovyo. Povu la sabuni kwenye shingo ya sensa halikutoa hata kiputo kimoja.

Sensa nainunua tena. Oringi nitaendelea kununua pembeni.