Kona ya kuchorea nyumbani: anza na globu

Malalamiko ninayoletewa na wanaochora nyumbani yanafanana. Mtu amesubiri watoto walale, amechora mpaka saa sita usiku, picha imemridhisha. Asubuhi akiitoa barazani anakuta sura za watu alizozipaka kahawia tulivu zimeiva wekundu. Anailaumu rangi. Dada mmoja wa Ujiji alifikia kuzitupa chupa zake zote akiamini ameuziwa feki, akaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, na picha iliyofuata ikaharibika vilevile. Rangi hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa darini, kwenye holda.

Kwa hiyo sianzi na meza wala brashi. Hizo kila muuzaji atakueleza, tena kwa shauku. Taa hakuna anayeitaja, na ndiyo inayoamua kila unachokiona.

Globu nyingi za LED zinapata weupe wake kwa kijiwe kinachotoa mwanga wa buluu, kilichofunikwa kwa unga wa njano uitwao fosfori. Macho yanauona mwanga huo ni mweupe, lakini wekundu uliokolea ndani yake ni haba. Kitu chekundu kikikosa wekundu wa kurudisha, kinafifia. Wewe unaongeza nyekundu, unaongeza tena, mpaka ipendeze. Jua likichomoza, nyekundu zote ulizoongeza zinajitokeza kwa pamoja.

Uwezo wa taa kuonyesha rangi unapimwa kwa kipimo kinachoandikwa Ra, na kwenye maboksi mengine CRI. Juu kabisa ni 100. Globu za kawaida za madukani zinazunguka 80. Na hapo pana mtego: Ra ni wastani wa rangi nane zilizopoapoa, wekundu mkali haumo. Huo unapimwa peke yake na kuitwa R9, na globu ya Ra 80 inaweza kuwa na R9 inayokaribia sifuri bila boksi kusema neno. Kwa kuchora, Ra chini ya 90 usinunue. Nasema hivyo hata kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu: nunua globu, chora kwa penseli ukisubiri rangi.

Namba nyingine utakayokutana nayo ni Kelvini. 2700 ni mwanga wa njano, 6500 ni weupe wenye ubaridi wa buluu. Chukua kati ya 4000 na 5000. Wauzaji wanaisifu 6500 kuwa ndiyo mwanga wa mchana, na watu wanaamini wamemaliza. Kelvini inakueleza weupe umeelemea wapi, haikuelezi kama nyekundu itaonekana nyekundu.

Sasa chaguo langu la kwanza, na silifichi: Philips za daraja la Master zenye tarakimu 940. Kampuni hii ilianza kutengeneza globu mjini Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1891, na ingawa kilichokuwa kitengo chake cha taa tangu 2018 kinaitwa Signify, jina kwenye boksi ni lile lile. Ninachokipenda ni zile tarakimu tatu. Ya kwanza inakupa Ra, yaani 9 ni tisini na kuendelea, 8 ni themanini na kitu. Mbili zinazofuata ni Kelvini: 40 ni 4000, 50 ni 5000, 65 ni 6500. Ukiona 865 umeshajua ni weupe wa baridi usiofaa kwa kazi yetu, huna haja ya kumuuliza mtu. Tafuta yenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 800 hadi 1,000, iweke kwenye taa ya mezani yenye mkono wa kukunja, nusu mita hivi kutoka kwenye karatasi, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie unapochora. Angalia kitako kabla ya kulipa. Globu nyingi za Master ni E27, za kuzungusha, na nyumba zetu nyingi zina holda za pini mbili.

Ya pili ni tubulaiti ya LED ya futi nne yenye 940 au 950. Inatawanya mwanga vizuri, vivuli ni laini, inafaa kwa anayechora picha kubwa akiwa amesimama. Inashika nafasi ya pili kwa sababu huwezi kuisogeza, na kona yenyewe ni ndogo.

Ya tatu ni globu ya zamani ya waya, ukiipata. Ra yake ni karibu 100, wekundu wake ni mzuri ajabu, ila mwanga ni wa njano, buluu zinapooza, na inakula umeme. Itumie kukagua picha itakayoning'inizwa sebuleni kwenye taa za njano. Zile za shilingi elfu mbili elfu tatu zisizo na Ra popote zitundike uani. Za kuchaji ni za kutafutia viatu umeme ukikatika.

Dukani nenda na chupa ya mawese. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho Kigoma, na kila jiko linayo. Ishike chini ya globu inayowaka: kwenye taa nzuri mawese yanakuwa na rangi yake, chungwa lililoiva kuelekea nyekundu, na ukiitikisa chupa unaona tofauti kati ya mafuta yaliyoganda chini na yaliyo wazi juu. Kwenye taa mbovu yote yanageuka hudhurungi moja iliyochoka. Kisha fungua kamera ya simu uisogeze karibu na globu. Michirizi myeusi ikitembea kwenye kioo, taa hiyo inapepesa, na kichwa kitakuuma ukikaa nayo muda mrefu.

Tatizo ni kupata nafasi ya kufanya hivyo. Muuzaji anachomeka globu kwenye holda ya kaunta, inawaka, anachomoa kabla hujainama. "Si umeona inawaka, mama?" Kuwaka siyo nilichokuja kuangalia. Ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, boksi halina Ra, na ukiuliza unaambiwa zote ni sawa, tofauti ni wati. Mbaya zaidi ni maboksi yaliyobandikwa "rangi halisi" bila namba yoyote. Na bei! Reli ya kati imefika Kigoma tangu 1914, mabasi yanaingia kila siku, globu haina uzito wa kumsumbua mtu, lakini ukihoji kwa nini inazidi hivyo ya Kariakoo jibu ni umbali. Umbali huo huo hauwazuii kutuletea makontena ya 865.

Mchana tumia dirisha, ni bure. Vitabu vya Ulaya vinashauri dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua halipiti huko. Sisi tuko karibu digrii 5 kusini mwa Ikweta: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana liko kaskazini. Dirisha letu ni la kusini. Novemba hadi Februari jua linahamia upande huo, lakini linapita juu sana na upenu wa bati unalizuia. La magharibi liache kabisa, maana jioni jua linapiga kutoka ziwani likiongezewa mng'ao wa maji. Na kama nje ya dirisha kuna uwanja wa udongo mwekundu au ukuta wa jirani uliopakwa kijani, mwanga unaoingia umeshatiwa rangi hiyo. Tundika shuka jeupe.

Mengine ni haraka. Meza ya sentimita 60 kwa 90 inatosha, mwambie seremala aifunge ukutani kwa bawaba ili ikunjwe, na kama una uwezo iwe mninga, kwa sababu haipindiki kirahisi. Ipake nyeupe isiyong'aa au kijivu. Rangi za maji nachukua Cotman za Winsor & Newton, kwa sababu ile ile ninayoipendea Philips: wanaandika kilichomo. PB29 ni ultramarine, yaani buluu iliyokolea, PW6 ni nyeupe ya titaniamu, kila tyubu ina namba yake. Rangi ya mafuta ya nyumba, kama ile aliyotumia Edward Saidi Tingatinga kwenye hadibodi, inafanya kazi nzuri, lakini siyo ndani ya chumba mnacholala.

Ukiagiza Dar, usiandike "globu nyeupe wati kumi". Andika: LED, Ra 90 au zaidi, 940 au 950, E27, na unipigie picha ya maandishi ya kwenye shingo ya globu yenyewe, siyo ya boksi, kabla hujafunga mzigo. Asiyetaka kupiga picha hiyo, hela usitume.