Maiki ya silikoni ya waya: miezi minane nayo Mji wa Kale

"Kwani ilinya mvua usiku ule?" Hilo ndilo swali la kwanza nyanya yangu aliloniuliza nilipomwekea asikilize utenzi alioughani mwenyewe. Mvua haikunya. Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika, na mabati ya jirani yalikuwa yamekauka wiki ya tatu. Alichokisikia nyuma ya sauti yake ni mvumo mwembamba, shhh, wa maiki niliyoinunua juma lile lile.

Maiki hiyo ninayo miezi minane sasa. Watu wengi wameniuliza kama inafaa, basi nawaandikia nilichokiona. Ni maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ya waya, inayotoa sauti ya analogi, na ndani yake mna kipande cha silikoni (ile ya kutengenezea chipu, si ya mpira) badala ya kile kidude cha elektreti tulichokizoea, chenye chaji ya umeme ya kudumu ndani yake. Nilinunua mbili kwa mpigo pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa, KSh 1,900 moja. Mimi sina studio. Narekodi wazee wa Kibokoni na Kuze, mitaa ya Mji wa Kale: tenzi, dua, nyimbo za harusi, visa vya mitaa, wangali hai na kumbukumbu zao zimetulia.

Ukiitazama kwa miwani ya fundi wa simu utaona tundu moja dogo, kama limetobolewa kwa ncha ya sindano. Nyuma ya tundu hilo kuna kiwambo cha silikoni chenye upana wa kama milimita moja hivi, na mbele ya kiwambo kuna sahani yenye vitundu. Sauti ikiingia, kiwambo hutikisika, nafasi kati yake na sahani hubadilika, na chipu iliyo pembeni hugeuza mabadiliko hayo kuwa umeme. Shida yote ya nyanya imo humo. Hewa inayojipenyeza kwenye vile vitundu ina kelele yake, na kikuzaji cha ndani ya chipu kina kelele yake pia. Kiwambo kikiwa kidogo namna ile, umeme unaozaliwa na sauti ya mtu nao huwa mdogo, na kelele hizo mbili hazirudi nyuma kumpisha.

Kwenye karatasi ya maelezo imeandikwa SNR 62, yaani tofauti kati ya sauti na kelele ya maiki. Kwa miezi miwili niliisoma kama sifa tu, mpaka nilipoelewa namna inavyopimwa. Wanapiga sauti ya desibeli 94 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha wanatazama kelele ya maiki yenyewe iko chini yake kwa kiasi gani. Toa 62 katika 94, inabaki 32. Maana yake, hata ukiifungia maiki hii ndani ya chumba kisichokuwa na sauti yoyote, itarekodi kana kwamba humo ndani kuna kitu kinavuma kwa desibeli 32. Maiki kubwa za studio zilizo tulivu zaidi huwa kwenye 5 hivi. Sasa chukua nyumba yetu, kuta nene za mawe ya matumbawe, saa nne ya usiku, feni imezimwa na sisi tunatiririka jasho, na bibi wa miaka themanini na kitu anaghani kwa sauti ya kumlaza mtoto. Chumba kiko kimya kuliko maiki.

Nilipandisha sauti kwenye rekoda, mvumo ukapanda nayo. Nikajaribu programu ya kuondoa kelele kwenye kompyuta. Mvumo uliondoka kweli, lakini ukaondoka na pumzi za nyanya mwisho wa kila ubeti, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayesema ndani ya ndoo. Sikuweza kuiacha vile. Kilichosaidia ni kusogea. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti ya mtu hupanda kama desibeli 6, na kelele ya maiki inabaki pale pale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 nilipata kama 12, na hizo zinasikika vizuri. Lakini maiki ikishafika hapo iko kwenye leso yake, na nyanya hasomi bila kuivuta leso begani. Krrsh, krrsh, katikati ya beti nzuri kuliko zote.

Pia niliziunganisha zote mbili, nikazibana ubavu kwa ubavu kwenye kijiti kimoja na kuchanganya sauti zake. Hesabu inasema utafaidi desibeli 3, kwa sababu sauti ya mtu inajumlika sawasawa ilhali kelele za maiki mbili hazifanani. Kweli, tofauti ilikuwepo, ndogo, kwa sikio lililozoea. Ukitaka 3 nyingine unahitaji maiki nne. Niliishia hapo.

Mvumo huo ndio sakafu ya maiki; dari yake, yaani kikomo cha sauti kubwa, niliikuta kwenye harusi. Kina mama walikuwa wakipiga vugo uani, pembe za nyati na vijiti, na mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa mpigaji. Karatasi inasema AOP 120, namba ya kikomo hicho, yaani kwenye desibeli 120 sauti inayotoka huwa imeshapotoka kwa asilimia 10. Sikujua kwamba kuharibika kunaanza kabla ya kufika hapo. Mlio wa pembe ulio mkavu na mkali ulitoka kama bati linalokwaruzwa, na kila kigelegele kilichopigwa karibu nami kilipasuka. Kupunguza sauti kwenye rekoda hakukusaidia kitu, kwa kuwa sauti ilikuwa imeshaharibika ndani ya chipu kabla haijafika kwenye waya. Rekodi ile imenitia uchungu hadi leo. Yule mpigaji alikuwa amekuja kutoka Lamu, na sijui lini atapiga tena mbele yangu.

Baina ya sakafu hiyo na dari hiyo, maiki ni nzuri. Nasema hivi bila kusita. Maalim anayesomesha darsa kwa sauti ya kawaida, maiki ikiwa kifuani pake, husikika safi kabisa. Jambo moja tu hapo: herufi za s na sh hutoka kali kidogo. Tundu la kuingizia sauti na kijinafasi kilicho nyuma yake huimba kama chupa unapopuliza mdomoni pake, ila mlio wenyewe uko juu sana, huko kwenye maelfu ya mizunguko kwa sekunde. Nilipunguza kidogo sehemu hiyo kwenye programu na "swalini" ikaacha kuchoma masikio.

Uanalogi wenyewe nao una gharama yake. Waya wa mita moja na nusu unaobeba umeme mdogo ni antena. Simu ya mzee ya vibonye ikiwa mezani karibu, utasikia drr-drr-drr sekunde chache kabla haijalia. Kompyuta ikiwa kwenye chaja, kuna mngurumo wa chini. Chomoa chaja, mngurumo unatoweka. Siku hizi kabla ya kuanza nakusanya simu zote na kuzipeleka jikoni, na natumia betri peke yake. Maiki za silikoni za dijitali hazina adha hii kwa sababu sauti hugeuzwa namba humo humo ndani, lakini msidhani zinaondoa ule mvumo. Kiwambo ni kile kile.

Kwa joto na unyevu wetu, hapa silikoni imeishinda elektreti. Maiki zangu za elektreti zilikuwa zikififia baada ya msimu mmoja au miwili karibu na bahari. Hizi mbili, baada ya kaskazi na kusi, zilikuwa bado zina nguvu sawa na siku ya kwanza, na zinalingana. Ukiweka moja kwa muulizaji na nyingine kwa mzee huna haja ya kurekebisha kitu.

Nasema zilikuwa, kwa sababu moja imekufa. Iliingia mchanga pale Likoni tulipokuwa tukimrekodi mvuvi chini ya mwembe. Sauti ikawa hafifu. Nikaipeleka kwa fundi, kijana mwema, akasema, "Hii ni vumbi tu, kaka, ngoja niipulize." Akachukua ile pampu ya hewa wanayosafishia simu, akaielekeza tunduni. Pff, mara moja. Haikutoa tena sauti yoyote. Kiwambo chembamba namna ile hupasuka kwa hewa ya nguvu, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitazama, sikujua. Tafadhalini, msipulize, wala msinyonye kwa mashine ya vumbi. Ivisheni maiki kisponji tangu siku ya kwanza. Kisponji pia kinazuia upepo wa kusi, ambao bila hicho huigonga maiki kama ngumi.

Kama mtu anataka kununua, naomba aitake karatasi ya maelezo na asome namba mbili tu, SNR na AOP. Kwa darsa, mahojiano na mafunzo ya video, 62 na 120 zinatosha na bei ni halali. Kwa sauti za chini tafuta ya 70 kwenda juu, zipo, ingawa kwa maduka yetu ni lazima uagize. Kwa ngoma na vugo tafuta yenye AOP ya 130, au simama mbali.

Nyanya nimemrekodi upya mwezi uliopita kwa maiki kubwa ya kuazima, iliyowekwa juu ya mto mbele yake. Beti zilezile, chumba kilekile. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho akiwa kimya, kisha akaniambia nimwekee tena ile ya pili, anadhani alikosea neno.