Uzoefu wetu na AFRINIC: huduma safi, nyumba yenye kesi

Nyota 3 kati ya 5 kwa AFRINIC, ofisi inayogawa anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti) barani Afrika. Ningeandika mwaka 2023 ningetoa 2.

Kampuni yetu ni ndogo, tunauza intaneti kwa nyumba, shule na hoteli upande wa Moshi. Mwanzoni tulikodi anwani za IP kwa dalali wa ng'ambo, simtaji jina. Alikuwa mwepesi kweli: ukishalipa, hazichukui muda zinafanya kazi. Balaa lilikuwa kwenye historia ya zile anwani. Mpangaji aliyetutangulia alizitumia kutuma barua taka mpaka zikaingia kwenye orodha nyeusi, basi barua pepe za shule moja zikawa zinakataliwa kila zinakokwenda. Hotelini nako wageni wakifungua Google inawajia kwa lugha ya nchi ya Ulaya wasiyoijua, kwa kuwa kumbukumbu zinazoonyesha anwani ipi iko nchi gani zilituweka huko. Ukilalamika unajibiwa kwamba umekodi zilivyo.

Mwaka 2020 tukaomba AFRINIC, msajili wa anwani wa Afrika mwenye makao Ebène, Mauritius. Kazi hiyo anayo tangu 2005. Kabla ya hapo Waafrika walipeleka maombi kwa wasajili wa mabara mengine. AFRINIC walitaka usajili wa kampuni wa BRELA, leseni ya mawasiliano ya TCRA, mchoro wa mtandao, ankara za vifaa na hesabu ya wateja. Kisha maswali: kwa nini huu mji unahitaji anwani nyingi kuliko ule, ruta hii iko wapi, mbona ankara ina jina lingine? Nilikereka, ila nawaunga mkono. Anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani, ni kama bilioni 4.3 dunia nzima, ghala kuu lilikauka Februari 2011, na kwa kanuni za wakati ule mwombaji hakupewa zaidi ya 1,024 kwa mara moja. Tulipata hizo, pamoja na fungu la IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi mno, ambalo hatutalimaliza milele. Bila maswali hayo, mwenye hela angezoa zote akatukodishia sisi.

Na uzoaji ulikuwepo, tena ndani ya nyumba. Ripoti ya AFRINIC yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba anwani zaidi ya milioni 2 za akiba yake zilichotwa bila uhalali. Mwaka huohuo ukaja ugomvi na Cloud Innovation, kampuni iliyosajiliwa Shelisheli yenye anwani zaidi ya milioni 6. AFRINIC ilitaka kuzirudisha kwa madai kwamba masharti yamekiukwa. Kampuni ikakana na kwenda mahakamani, na akaunti za benki za msajili zikazuiwa. Bodi ikapungua mpaka ikakosa akidi. Mwaka 2023 mahakama ikateua msimamizi.

Sisi wanachama, yaani kampuni zilizopewa anwani, tuliathirika vipi? Kwa huduma ya kila siku, karibu hatukuathirika. Rekodi zetu zilisomeka, vyeti vya njia (vinavyothibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani zipi) vilifanya kazi, hakuna mteja aliyepiga simu. Lakini mwenye kampuni aliniuliza kama ofisi ile ikifungwa nani atathibitisha kwamba anwani zile ni zetu, na sikuwa na jibu la kumpa.

Wapo wanaosema kazi hii wapewe serikali. Mimi sitaki: waziri anayeweza kuzima intaneti siku ya uchaguzi asipewe na daftari la anwani. Soko huria nalo nimeshalionja kwa yule dalali. Waachiwe wanachama, lakini sheria za kura zikazwe. Uchaguzi wa bodi wa Juni 2025 ulifutwa kwa sababu ya utata wa hati za uwakilishi, yaani mtu mmoja kupiga kura kwa niaba ya wengine. Mimi ningezifuta kabisa. Kura za mtandaoni zipo, kila kampuni ipige yake. Septemba 2025 uchaguzi ulirudiwa, bodi ya watu 8 ikapatikana.

Kama wewe ni mwanachama, ingia kwenye akaunti yenu ukaangalie barua pepe iliyosajiliwa ni ya nani. Yetu ilikuwa bado ya fundi aliyekwishaacha kazi, na taarifa za kura zilikuwa zinakwenda kwake.