Hita ya mafuta kwenye chumba kimoja Dodoma: uzoefu wangu wa msimu wa kipupwe

Anayeijua Dodoma ya mchana tu hawezi kuelewa kwa nini mtu anunue hita. Julai jua la saa nane linawaka kama kawaida. Lakini mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, anga ni jeupe halina wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee, na giza likiingia upepo unaanza kazi yake. Alfajiri nyuzijoto zinashuka hadi 13 au 14. Mtu mzima mwenye blanketi zito atalala vizuri tu. Mimi nilikuwa na mtoto aliyezaliwa Juni, kwenye chumba cha kupanga huku Ilazo, dirisha la aluminiamu lisilofunga sawasawa, dari ya jipsamu na bati juu yake.

Mama mkwe alikuja kutoka Kongwa kunisaidia uzazi, na yeye alizoea jiko la mkaa: unaliwasha nje, likikolea unaliingiza ndani, mnafunga mlango. Hapo sikukubali, ingawa kumkatalia mama si jambo jepesi. Nilimwambia, "Mama, mkaa ukiisha kutoa moshi bado unatoa hewa ya sumu, haina harufu wala rangi, na chumba hiki hakina pa kupumulia." Watu hulala nayo wasiamke. Alinyamaza kidogo, akasema basi tafuteni hicho cha umeme.

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme nilikuta aina tatu. Ya feni, ndogo na nyepesi, inapuliza joto papo hapo, ukiizima baridi inarudi muda si mrefu. Ya mirija inayowaka nyekundu, ambayo inampasha aliyekaa mbele yake huku kona nyingine za chumba zikibaki vilevile. Na ya mafuta, ile yenye mapezi ya chuma na magurudumu chini, nzito, inachukua kama nusu saa kabla hujahisi kitu. Muuzaji alinisisitizia kwamba mojawapo "inakula umeme kidogo". Maneno hayo yasikubabaishe. Hita zote hizi zinageuza karibu umeme wote kuwa joto: wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja, iwe ya feni au ya mafuta. Cha kujiuliza ni joto utalitaka wapi na kwa muda gani. Kumwogesha mtoto dakika kumi, chukua ya feni, lakini ikae mbali kabisa na maji. Kukaa unasoma au unashona, ya mirija inatosha. Kulala usiku kucha, sioni ya kuishinda ya mafuta: haina kelele, haina mwanga, na hata ikijizima mapezi yanaendelea kutoa joto.

Nilichukua ya mafuta yenye swichi ya wati 600, 900 na 1,500. Majirani bado wananiuliza naongeza mafuta lini. Hayaongezwi, yamefungiwa humo moja kwa moja, hayaungui, kazi yake ni kubeba joto tu. Chumba changu ni kama mita tatu kwa tatu na nusu, na wati 900 zinatosha. Kile kirungu cha kurekebishia joto hakina namba za nyuzi, kwa hiyo nafanya hivi: nakizungusha hadi mwisho, chumba kikifika joto ninalolitaka nakirudisha taratibu mpaka nisikie "tak". Kuanzia hapo inajiwasha na kujizima yenyewe.

Ila kabla ya yote tuliziba dirisha. Mume wangu alibandika mpira wa sponji kwenye reli, tukatundika pazia zito na kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango. Tulibakiza uwazi mdogo juu kwa ajili ya hewa. Bila kazi hiyo hita ingekuwa inapasha joto mtaa mzima.

Tuje kwenye LUKU, yaani umeme wetu wa kulipia kabla. Kwa kulinganisha mita jioni na asubuhi, usiku mmoja unanila yuniti nne hivi. Kwa mteja wa kawaida, yuniti moja pamoja na kodi na tozo nainunua kwa karibu shilingi 356, kwa hiyo ni kama shilingi 1,400 kwa usiku, zaidi ya 42,000 kwa mwezi ukiwasha kila siku. Si pesa ndogo. Na kama uko kwenye ile bei nafuu ya matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, hita peke yake itakuvusha. Kwenye nyumba ya wapangaji wenye mita moja, zungumza na wenzako mapema. Sisi tulikubaliana niongeze mchango wangu kwa miezi ya baridi, na hakuna aliyenung'unika.

Hatari kubwa zaidi iko ukutani. Fundi aliigusa plagi baada ya saa moja ya kuwasha, akasema, "Dada, soketi hii imechoka." Ilikuwa ya moto. Akaibadilisha, akanikataza kabisa kutumia ekstensheni za bei rahisi, kwa sababu waya zake ni nyembamba na hita inavuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Tangu hapo inachomekwa ukutani peke yake, mita moja kutoka kitandani na kwenye pazia. Nguo za mtoto hazianikwi juu yake, hata kishawishi kiwe kikubwa vipi.

Hewa yetu tayari ni kavu, na hita inazidisha. Pua ya mtoto ilianza kuziba, nikawa naanika taulo bichi kwenye kiti upande wa pili wa chumba. Limesaidia.

Ukinunua iliyotumika, ilaze kidogo uangalie kama mafuta yanavuja, chunguza miguu ya plagi kama ina alama za kuungua, kisha soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Zipo zinazotoka nchi za volti 100 au 110. Hata iuzwe bei gani, hiyo usiichukue.