Zilizokufa ni zako, mama

Hasira hii ninayo tangu kabla ya mfungo. Kila nikisema imepoa, nikipita Changamwe inapanda tena. Basi naandika. Mwenye Toyota Aqua iliyochoka, lile gari la haibridi linalokwenda kwa petroli na betri, asome, na asiye nayo asome vilevile, maana siku moja atauziwa.

Mimi nauza mitumba Kongowea na nyumba yangu iko Likoni, kwa hiyo kila siku ni feri, kisiwani, daraja la Nyali, na kurudi. Gari hili lilinipumzisha. Foleni ya feri ndefu namna gani, lenyewe limezima injini, halili hata tone. Nilijigamba mpaka majirani wakanichoka. Nilichosahau ni kwamba Kenya hatuingizi gari jipya sisi watu wa kawaida. Sheria inaruhusu lisilozidi miaka minane, nasi tunachukua lililo ukingoni. Betri ilikuwa imezeeka Japani kabla haijaona bahari yetu.

Dalili zilikuwepo, niseme ukweli. Vile vipau vya betri kwenye dashibodi vilianza uhuni: natoka Nyali vimejaa, nafika Ferry viwili. Nyuma ya kiti kukawa na feni inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Nikaongeza sauti ya redio.

Asubuhi moja feri imegonga ng'ambo, mlango umeshuka, magari ya mbele yametoka, mimi nakanyaga, gari kimya. Sasa Aqua kunyamaza ni tabia yake, lakini kimya hiki kilikuwa cha maiti. Pembetatu nyekundu imewaka, nyuma matatu na malori yanapiga honi, askari ana filimbi mdomoni na mkono wake unaniambia toka, toka. Nitoke vipi? Petroli tele, injini nzima, na haiwaki. Gari hili halina stata ya kawaida. Injini yake huamshwa na ile betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma, na hiyo ikigoma umekwisha. Betri ndogo kazi yake taa na kompyuta. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile vijana wa mikokoteni walinisukuma kupanda ule mlima wa feri, na mzee mmoja akaniuliza kama nimeishiwa mafuta. Niliona bora niseme ndiyo.

Shemeji yangu akanielekeza gereji moja upande wa Changamwe. Jina silitaji, na mtaona mwishoni kwa nini. Walichomeka kimashine cha kusoma hitilafu, kikatoa namba P0A80, wakasema ni ile betri kubwa. Humo ndani kuna vipande 20 vilivyopangwa kama vitabu, mafundi huviita seli, na vitatu vimekufa. Kijana akavifungua amevaa ndala, mikono mitupu, na huo ni umeme wa volti 144. Nilifumba macho. Jioni gari likawaka, nikatuma 21,000 kwa M-Pesa, nikaandikiwa dhamana ya miezi sita nyuma ya kadi. Nilimpa kijana na ya soda. Kama ningeandika siku ile, mngesoma sifa tupu.

Haikufika miezi miwili. Safari hii ni juu ya daraja la Nyali, jua la saa saba, na bredauni ikanila pesa nyingine kunirudisha palepale.

Mwenye gereji alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anatafuna muguka na simu mkononi. Nikampa salamu, akaitikia simu. Nikamwonyesha kadi. Akaigeuza, akaisoma mwandiko wake mwenyewe kama barua ya mtu mwingine, akamwita kijana apime. Kijana akarudi na namba kwenye kiganja. Ndipo yule bwana, bila kuinua macho, akanambia: "Mama, dhamana ni ya seli tulizokuwekea sisi. Zetu tatu ziko sawa. Zilizokufa ni zako."

Zilizokufa ni zako! Kama nimempelekea maiti zangu azike! Nikamuuliza, wakati unaweka hizo tatu hukujua kwamba zile 17 zilizobaki ni wazee kama zile zilizokufa? Akanijibu kwamba mimi sikuuliza. Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonitoa machozi mbele ya watoto wa watu, kwamba haya magari si ya kubebea mitumba. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mama yangu akiwa hai ningeogopa yasimfikie.

Nikavutwa tena hadi Bombolulu kwa kijana mmoja anayefanya kazi nje ya kwao, chini ya mwarobaini. Huyu nitamsifu mpaka mchoke. Kwanza alipima betri ndogo, akisema wengi huuziwa kubwa kumbe iliyochoka ni ndogo. Halafu akachomoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa, akaitia mfukoni mwake mtu asije akairudisha, akakaa dakika 10 kabla ya kugusa chochote, na alipogusa alikuwa na glavu nene. Vile vibapa vya shaba vinavyounganisha seli vilikuwa vimeota kijani, hewa ya chumvi hiyo, akavilaza kwenye siki na kuvisugua hadi vikang'aa.

Kisha akachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, akawa anaiunga kwa seli moja moja, anatazama mita inavyoshuka. Kumbe seli ikiwa imetulia inaweza kusoma vizuri tu, ukiitwika mzigo ndipo inaanguka. Mbili zilianguka hapohapo, ya tatu ikasita. Na zile tatu za Changamwe?

Nzima. Zote tatu. Kumbe yule jeuri alisema kweli, na sijui kama nimewahi kuchukia kweli namna hii.

"Shangazi," kijana akasema, "ukimfunga punda kijana na punda wazee, mkokoteni mmoja, wazee watakufa mmoja mmoja, na wewe utakuwa unanunua punda kila baada ya miezi."

Baada ya hapo akaifungua feni. Hapa nataka nipite haraka lakini sitaweza. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna wavu mdogo. Nilidhani ni spika. Ndipo betri inapovutia hewa ya kujipoza, na hewa hiyo ni ileile ya ndani ya gari. Mimi miaka yote naegemeza pale belo la mitumba, na AC nazima ili nibane mafuta, katika joto la Mombasa. Kijana alitoa humo ndani donge la nyuzi za rangi zote, nyekundu, buluu, za sweta za Wazungu, kubwa la kutosha kujazia mto wa mtoto. Aliliweka juu ya boneti bila kusema kitu. Adabu yake hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwa hiyo nani aliua betri? Nusu mimi. Haya, zaidi ya nusu. Lakini yule wa Changamwe alikitoa kiti hicho hicho, feni ikiwa mbele ya macho yake, hakuifungua, hakunambia mama usizibe hapa. Maneno matatu hayo, yasingemgharimu hata jani moja la muguka. Nyota moja. Niliandika sifuri nikafuta, kwa sababu seli zake ni nzima, na sitaki kusema uongo hata juu yake.

Sasa wavu nimeushonea kipande cha chandarua, belo linakaa buti, AC inawaka. Seli tatu nyingine zimetiwa, ila kijana amenionya nisijidanganye. Dawa ni kutafuta betri kamili iliyotoka kwenye gari moja lililogongwa likiwa bado changa, seli zote za umri mmoja. Nikamuuliza zinapatikana wapi mjini hapa. Akakuna kichwa, akatazama chini, akanitajia ile gereji ya Changamwe.

Atakwenda shemeji. Yeye ndiye aliyenipeleka. Mimi nitakaa ndani ya gari, vioo juu.