Tathmini ya mpango wa kukishusha Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho kimekaliwa na watu bila kukatika tangu tarehe 2 Novemba 2000, kimepangiwa kumaliza kazi mwaka 2030 na kushushwa baharini muda mfupi baadaye. Mwezi Juni 2024 shirika la NASA la Marekani liliipa kampuni ya SpaceX mkataba wa hadi dola milioni 843 wa kutengeneza chombo chenye kazi moja tu: kujiunga na kituo hicho na kukisukuma hadi kianguke mahali palipochaguliwa. Tathmini hii ni ya mpango huo, na ninaupima kwa jicho la mteja, kwa sababu Afrika Mashariki nayo ni mteja wa kituo hiki, ingawa ni mteja mdogo. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiwa angani kutoka Kibo, maabara ya Wajapani iliyo kituoni humo, tarehe 11 Mei 2018. RWASAT-1 ya Rwanda ilitokea hapohapo mwaka 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda ikafuata Desemba 2022.

Sababu za kukifunga kituo zinaeleweka. Kina uzito wa takriban tani 420 na upana wa mita 109, kinaizunguka dunia kila dakika 90 hivi katika kimo cha karibu kilomita 400, na katika kila mzunguko chuma chake hutoka kwenye jua kali na kuingia kwenye kivuli cha baridi kali, kikatanuka na kusinyaa mara kumi na sita kwa siku. Mitambo inayoharibika huweza kubadilishwa, na imebadilishwa mara nyingi. Kuta na viungio vinavyoibeba mitambo hiyo havibadilishiki. Tangu mwaka 2019 hewa imekuwa ikivuja kwenye ujia mwembamba ulio nyuma ya moduli (sehemu mojawapo ya kituo) ya Kirusi iitwayo Zvezda, na wataalamu wa Marekani na wa Urusi wametofautiana kuhusu chanzo cha nyufa hizo na ukubwa wa hatari yake. Isitoshe, hewa hafifu iliyobaki kwenye kimo hicho hukipunguzia kituo mwendo kila siku, hivyo kisiposukumwa juu mara kwa mara kitaanguka chenyewe, popote pale.

Hilo la popote pale ndilo linalotuhusu watu wa huku chini. Mwaka 1979 kituo cha Skylab cha Wamarekani kilianguka bila kudhibitiwa vya kutosha na vipande vyake vikatapakaa Australia Magharibi, ambako halmashauri ya Esperance iliiandikia NASA faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa takataka. Mwaka 1991 kituo cha Kisovieti cha Salyut 7 kiliangukia Argentina. Machi 2024 kipande cha chuma kilichotokana na shehena ya betri chakavu, iliyotupwa kutoka kwenye kituo hiki hiki tunachokizungumzia, kilitoboa paa la nyumba mjini Naples, Florida. Nasi hatukusalimika: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kuwa ilitoka kwenye roketi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhima ya madhara yatakayotokea ardhini, lakini dhima hulipwa baada ya madhara kutokea. Ikiwa pete ya nusu tani inatosha kukitia kijiji kizima hofu, tani 420 haziwezi kuachwa zijichagulie pa kuangukia, na kwa hoja hiyo peke yake ningekubali kulipia chombo cha kukishusha kituo kwa mpango.

Wapo wanaotaka kipandishwe juu zaidi kihifadhiwe kama kumbukumbu. NASA ililichunguza wazo hilo na kuona kwamba kwenye kimo cha kilomita 640 hadi 680 kituo kingeweza kudumu takriban miaka 100, ila kimo hicho kina taka nyingi za angani, na pigo moja kubwa lingeweza kukigeuza kumbukumbu hiyo kuwa maelfu ya vipande vinavyozitishia setilaiti za kila mtu. Wengine wanasema kifunguliwe kirudishwe vipandevipande. Tatizo ni kwamba vyombo vya Space Shuttle vilivyoibeba sehemu kubwa ya vipande hivyo viliacha kuruka mwaka 2011, na hakuna chombo kingine chenye tumbo la kurudisha moduli nzima ardhini. Wazo la kukikabidhi kwa kampuni binafsi sioni haja ya kulijadili kwa kirefu, kwani atakayekipokea atapokea pia nyufa zake.

Chombo chenyewe, kwa jinsi kilivyoelezwa, kinaonekana kufikiriwa vizuri. Mpango wa awali ulikuwa kutumia hadi vyombo vitatu vya mizigo vya Kirusi aina ya Progress, na kasoro yake ilikuwa upungufu wa nguvu katika msukumo wa mwisho. Msukumo huo ukiwa dhaifu, kituo kitaburuzika kwenye hewa ya juu, kitapoteza mkao wake, na eneo la kuangukia vipande litatanuka kupita ilivyokusudiwa. Chombo cha SpaceX kimetokana na Dragon inayobeba wanaanga, lakini kitakuwa na sehemu ya nyuma iliyo kubwa zaidi, uzito wa zaidi ya tani 30 pamoja na mafuta, na injini 46, nyingi kati yake zikiwa za msukumo huo wa mwisho. Kinatakiwa kufika mapema, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku yenyewe, kisha kituo kiachwe kishuke polepole, wanaanga wa mwisho waondoke, ndipo kisukumwe kuelekea sehemu ya Pasifiki ya Kusini iliyo mbali mno na nchi kavu. Mir, kituo cha Warusi cha takriban tani 130, kilizamishwa katika bahari hiyohiyo Machi 2001. Ninachokilalamikia ni kwamba kazi nzito kiasi hiki inategemea chombo kimoja cha mkandarasi mmoja, na hakuna zoezi la majaribio linaloweza kufanana nayo.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye ratiba. Tukumbuke kwamba kituo hiki, kikiwa bado ni mpango tu, kilinusurika kufutwa na Bunge la Marekani mwaka 1993 kwa kura 216 dhidi ya 215, na kwamba baada ya ajali ya Columbia, mojawapo ya vyombo vya Shuttle, mwaka 2003 suala la kukikamilisha au kukiacha lilifufuliwa. Rais George W. Bush aliamua Januari 2004 kwamba kikamilishwe, kisha Shuttle zistaafishwe. Kukamilishwa huko kulifanyika kwa kupunguza: moduli ya mashine ya kuzungusha viumbe, ambayo ingetuonyesha mwili unavyohimili mvutano mdogo kuliko wa duniani, ilifutwa ikiwa tayari imeanza kutengenezwa Japani, na moduli ya malazi nayo haikuruka. Moduli ya Kirusi ya Nauka ilichelewa miaka mingi, ikawasili Julai 2021. Mteja anayesoma historia hiyo anaona bidhaa iliyochelewa, ikapunguzwa, na ambayo Elon Musk, mwenye kampuni iliyopewa kazi ya kuizamisha, alipendekeza Februari 2025 kwamba izamishwe ndani ya miaka miwili. Pendekezo hilo lingetukatia huduma kabla mbadala wowote haujathibitika.

Mbadala huo ndio unaonitia shaka. Kampuni za Axiom, Starlab na Vast zinakusudia kujenga vituo vya kibiashara, na China inacho chake, Tiangong, kinachokaliwa tangu mwaka 2021. Katika mpango wa NASA sikuona dhamana yoyote kwamba fursa ya KiboCUBE, ambayo Umoja wa Mataifa na Japani waliwapa watafiti wa Nairobi bila kuwatoza gharama ya kurushiwa setilaiti, itahamishiwa kwingine. Kenya ilipotaka setilaiti kubwa zaidi, Taifa-1, iliirusha Aprili 2023 moja kwa moja kwa roketi ya Falcon 9 bila kupitia kituoni, na njia hiyo ipo wazi kwa serikali. Kwa chuo kinachofundisha wanafunzi kutengeneza kijisetilaiti cha sentimita kumi kila upande, ankara ya roketi ni jambo jingine.

Kwa uhandisi wa kukishusha kituo ninautunuku mpango huu nyota nne kati ya tano, na kwa namna unavyowajali wateja wadogo ninaupa mbili. Nyota ya tatu ningeiongeza siku ambayo Japani na Umoja wa Mataifa watatangaza kwa maandishi ni mlango gani utakaochukua nafasi ya Kibo, na kuanzia mwaka gani.