Miguu ya punda wakati wa masika: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Kuanzia Novemba mpaka Aprili njia za Umalila, Makete na Uporoto, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huwa tope tupu, na punda ndiye anayelikanyaga kutwa. Anashusha viazi, anapandisha mbolea, na jioni anafungwa palepale penye utelezi. Baada ya wiki chache nywele za nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, zinashikana. Ukigusa, mnyama anavuta mguu. Kigaga kikibanduka hutoka na kishungi cha nywele kama brashi ya rangi, na chini yake ngozi ni nyekundu, mbichi, ina majimaji ya njano.

Mara nyingi huyo ni bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo. Ndani ya kigaga kikavu anaweza kukaa muda mrefu bila madhara. Maji ndiyo yanayomwamsha, na ngozi iliyolowa au kuchubuka ndiyo inayomfungulia mlango. Ngozi nzima na kavu haimpi nafasi. Kwa hiyo katika orodha hii nimetanguliza vitu vinavyoleta ukavu, na dawa nimeziweka nyuma yake, ingawa dukani utaonyeshwa dawa kwanza.

Tukumbuke pia kwamba punda asili yake ni nchi kame za kaskazini mashariki mwa Afrika. Nywele zake hazikingi mvua vizuri kama za farasi, na kwato zake hunywa maji na kulainika upesi. Kule Makete mradi wa usafiri vijijini ulioanza mwaka 1985 ulihimiza punda wabebe mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani, hasa na akina mama. Mnyama anayetutua mzigo kiasi hicho anastahili pakavu pa kulala.

Namba moja: kokoto, moramu na maranda

Kama una pesa ya kitu kimoja tu msimu huu, iende hapa. Chagua sehemu iliyoinuka karibu na nyumba, ondoa udongo laini wa juu, panga mawe au kokoto, juu yake mwaga moramu na uishindilie ikiwa na mteremko kidogo. Chimba mtaro upande wa mlimani ili maji yasipite ndani. Punda wawili wanatoshana kwenye kibanda cha mita za mraba 9. Bati likikushinda, nyasi zilizoezekwa vizuri zinatosha.

Juu ya sakafu tandika maranda. Nyanda za juu kusini tuna bahati, kwa sababu mashine za mbao za Mafinga na kandokando ya msitu wa Sao Hill huyatoa kwa wingi, na magunia husambaa mpaka Mbeya. Chukua yale ya randa, yaliyojikunja. Unga wa msumeno uache, maana hushika mkojo na kugandamana kwenye nywele za miguu. Kabla hujalipa, ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, toa konzi na uikunje ngumi. Yakikulowesha kiganja au yakinuka uvundo, usiyachukue. Maranda yenye ukungu huumiza na mapafu pia. Pumba za mpunga kutoka Usangu zinafaa kama mbadala, ila hukanyagika na kulowa haraka, itakubidi uongeze mara kwa mara.

Namba mbili: hatamu

Ni mkanda wa kichwani wa kumfungia mnyama, na najua wengi hawakutarajia kuuona hapa. Lakini angalia punda waliofungwa mguuni kwa kamba ya nailoni: kamba inalowa, inabeba mchanga, inasugua palepale nyuma ya kifundo usiku kucha. Kidonda kinachofuata ndicho mlango wa bakteria. Unaweza kununua dawa kila wiki na mguu usipone hata siku moja, kwa sababu jioni kamba inarudi mahali pake.

Nunua au shonesha hatamu ya utepe mpana, laini, isiyo na mshono mgumu upande wa ndani. Ikishavaliwa, vidole viwili vipite kati yake na pua. Fundi viatu yeyote mzuri anaweza kuishona kwa mkanda wa turubai. Mnyama afungwe kwa hatamu, au aachwe huru ndani ya uzio, na miguu ipumzike.

Namba tatu: burashi na taulo

Burashi ya kufulia yenye nywele za wastani na taulo chache za mitumba kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya. Tope likiwa bichi, usilisugue. Liache likauke, kisha lipige burashi taratibu kufuata nywele. Kuosha miguu kila jioni na kuiacha imelowa ni kumlisha bakteria. Ukilazimika kuosha, kausha kwa taulo mpaka katikati ya mikunjo.

Namba nne: dawa ya kuoshea

Hii ni ya mguu ulioanza kuugua. Duka la dawa za mifugo au la dawa za binadamu litakuwa na klorheksidini au povidoni-ayodini, na yoyote kati ya hizo inafaa. Kwa povidoni ya asilimia 10, changanya mililita 50 kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Punguza nywele kwa mkasi, lowesha vigaga mpaka vilainike, viondoe vinavyokubali kutoka, na visivyokubali viache mpaka kesho. Dawa ikae dakika 10, suuza, kausha. Vigaga usivitupe bandani, vichome moto.

Mrututu (chumvi ya buluu ya shaba) na oili chafu ya gari vinatumika sana vijijini kwetu, na nakuomba uviache. Mrututu huunguza ngozi mbichi. Oili chafu ina sumu, na punda huilamba.

Namba tano: mafuta ya mgando au krimu ya zinki

Ni rahisi na inasaidia, kwa sharti moja: ngozi iwe safi, kavu, isiyo na kigaga. Paka asubuhi kabla ya safari. Ukipaka juu ya tope au kidonda, unafungia unyevu na bakteria ndani.

Namba sita: dawa ya kupuliza ya antibayotiki

Ile ya rangi ya buluu. Nzuri kwa mchubuko mpya, hafifu kwa ugonjwa uliojificha chini ya vigaga. Mguu ukivimba, mnyama akichechemea au akiwa na homa, mwite afisa mifugo wa kata. Kigaga kinaweza kupimwa kwa hadubini, na Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa.

Ya mwisho: buti na bandeji za tope

Buti za kitambaa kizito zinazouzwa nje ya nchi zimetengenezwa kwa farasi. Kwenye mvua yetu isiyokatika hushika maji ndani na kusugua. Pesa hiyo inunue maranda.

Kama punda anapiga miguu chini na kujing'ata

Hapo huenda ni utitiri. Farasi wazito wa Uingereza kama Shire na Clydesdale, wenye manyoya marefu yanayofunika kwato, husumbuliwa sana na utitiri aitwaye Chorioptes anayejificha humo, na punda naye hupata. Wafugaji wengi wakiona hivyo huchota dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki. Soma kibandiko kwanza. Ikiwa kimeandikwa amitraz, usimpake punda wala farasi hata kidogo, kwa sababu huweza kusimamisha utumbo na kumuua. Kama ameshapakwa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, angalia kama anakula na kutoa kinyesi, na mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo.